Uliandika "Acha" Mara Arobaini na Moja

Leo unatimia mwaka, Dada, tangu asubuhi ile ulipofunika kalamu yako, ukainuka mezani na kusema unakwenda kujinyoosha dakika tano. Dakika tano zako tunazijua. Tulikuandalia chai saa moja, tukaipasha moto saa mbili, na saa tatu mumeo akaingia chumbani kukuamsha. Chai ile hakuna aliyeinywa.

Matangazo ya kumbukumbu gazetini huwa na picha na mistari sita. Wewe ulikuwa ukisema mistari sita haitoshi hata kumweleza mtu aliyekuja kuazima nyundo, kwa hiyo tumeomba ukurasa mzima. Picha ni ile ya kitambulisho, ambayo umemkunjia uso mpiga picha. Usitulaumu. Katika nyingine zote ulijificha nyuma ya watu.

Mtaani walikuita Nukta, nawe ulilipokea jina. Miaka ishirini na miwili ulisoma prufu kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha Mzee Wino, yaani zile karatasi za majaribio zinazopekuliwa makosa kabla mashine haijawashwa. Ulisoma kadi za harusi, kalenda, vitabu vya hesabu. Jioni ulirudi nyumbani, ila macho yalibaki kazini. Kinyozi alipoandika ubaoni kwake "Tunanyoa watoto bure", ulisimama mlangoni na mkoba begani ukamwambia ama aseme watoto hawalipi, ama awaombe radhi wazazi wao. Akabadilisha siku hiyo hiyo, na tangu hapo akawa anakuita umsomee ubao kabla rangi haijakauka.

Ulikuwa mpole, kwa njia zako. Mtu akikuletea barua ya kuombea kazi hukumwambia ina makosa. Ulimwambia, "Ngoja tuinyooshe kola."

Na mimi uliniokota. Nilifika kwako nina miaka thelathini na tisa na mfuko mmoja wa nguo. Ndoa ilikuwa imenitema, na hoteli niliyokuwa nikiifulia mashuka ikanitema wiki hiyo hiyo, nikawa kama kokwa ya chungwa. Nikazungumza siku tatu bila kupumzika. Siku ya nne ukaniwekea daftari jipya mbele yangu.

"Kidomo, umeshasema yote. Sasa andika."

"Niandike nini, Dada? Mimi mfua mashuka."

"Andika namna ya kukunja shuka kubwa ukiwa peke yako."

Nikaandika kwamba mtu hulikunja kwa ustadi mkubwa. Ukapitisha mstari wa penseli juu ya "ustadi mkubwa" ukaniuliza, "Pembe ziko wapi? Kidevu kinafanya nini?" Na kweli, shuka kubwa ukiwa peke yako hulikunji bila kidevu. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kidevu changu kinafaa kuandikwa.

Ulinifundisha hivyo, ukurasa kwa ukurasa. Sheria yako kubwa ilikuwa kwamba raba haigusi karatasi. Unachokikataa unakipitishia mstari mmoja mwembamba, ili ukijuta uweze kukisoma. Na ukijuta kweli, unaandika pembeni neno moja, "acha".

Mara ya kwanza nilipoliona neno hilo kwenye ukurasa wangu nilidhani unaniambia niache kuandika. Basi nikaacha. Siku tatu sikugusa kalamu. Niliosha vyombo hata vilivyo safi, nikasonya kila nilipopita karibu na meza yako. Ulipouliza kurasa ziko wapi nikakujibu kwa kiburi cha mtu aliyeonewa, "Si umesema niache?"

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "We Kidomo, acha maana yake liache hapo hapo. Nililikata, nikaona nimekosea, nimelirudisha. Hiyo ndiyo sentensi yako nzuri kuliko zote."

Tulicheka wote wawili siku ile. Mwaka huu neno hilo hilo nusura litutoe roho.

Ulikuwa ukiandika alfajiri, saa kumi na moja hadi saa moja, kwenye meza ya mumeo ya kukatia nguo, kwa kuwa ndiyo pekee humu ndani yenye nafasi ya mtu kutawanya akili. Saa moja yeye akija na vitambaa vyake, wewe ulikung'uta vumbi la chaki kwenye madaftari ukaenda kazini. Wachapishaji walikukataa kwa barua tatu. Kila moja uliisoma mara moja, ukaikunja, ukaiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Baada ya barua ya tatu meza ikatulia, ukasema angalau wamekusaidia hapo.

Hatimaye Mzee Wino akasema riwaya yako ya mama anayepangisha vyumba sita ataitoa yeye. Ulikuwa umeimaliza. Ilikuwa kwenye madaftari saba, kwa mkono wako, na hakuna aliyeruhusiwa kuisoma kabla haijachapwa. Hata mimi. Nilijaribu, ukanifungia kabatini madaftari na biskuti.

Baada ya mazishi Shemeji hakula. Alikaa mbele ya cherehani na miguu haikanyagi. Binti yenu, ambaye ni nesi na ameona wajane wengi, akaanza kumtazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Kisha siku moja mumeo akainuka, akafungua kabati, akasema kitabu cha mke wake atakichapa kwenye kompyuta yeye mwenyewe, na asiguse mtu.

Dada, ungemwona. Mtu aliyeshika mkasi maisha yake yote, anatafuta herufi kama anayetafuta sindano kwenye zulia. Vidole viwili, miezi tisa, kila jioni akishafunga cherehani. Lakini alianza kula. Alianza kunyoa ndevu. Kwa kinyozi akawa anawaambia watu, "Kila neno la mke wangu limepita kwenye vidole hivi viwili." Sisi tukasema, haya, fundi amerudi.

Jumatatu moja, wiki tano zilizopita, Mzee Wino akaniletea prufu.

"Zisome kama Nukta," akasema. "Alhamisi saa nne nawasha mashine. Baada ya hapo nina vitabu vya shule mpaka muhula uishe, usije ukaniambia ngoja."

Nikakaa nazo asubuhi ile. Sura ya tatu, mjane wa chumba cha pili anatoka kwa mwenye nyumba, na hakuna mahali alipoingia. Sura ya sita watu wote wanacheka, na hakuna aliyesema kitu. Nikasoma tena. Wewe uliyewahi kurudisha kadi za harusi mia tatu kwa sababu ya herufi moja, usingewaacha watu wacheke bila sababu.

Shemeji alikuwa ametoka kununua nyuzi na vifungo. Binti yako alikuwa na ufunguo wa kabati. Tukafungua madaftari na kuyaweka kando ya prufu, na haikuchukua hata robo saa.

"Mama mdogo," akasema polepole, "baba ameruka kila palipoandikwa acha."

"Naona."

"Kwani acha si maana yake..."

Nikamweleza. Akakaa chini kitandani kwenu.

Mumeo ni fundi nguo, Dada. Miaka arobaini, mstari unapopita kwenye kitambaa ndipo mkasi unapopita. Ameona mstari wa penseli, ameona na neno "acha", ameacha. Mimi mwenyewe mwanafunzi wako nililisoma vibaya. Yeye je? Mmelala chumba kimoja miaka thelathini na hukumweleza hata siku moja alama za kazi yako. Hilo nakulaumu wewe, na kwenye gazeti nakulaumu.

Tukahesabu. Tulifunua haraka, macho pembeni mwa kurasa, hatukusoma katikati, maana tuliogopa atatukuta. Arobaini na moja. Nyingine mstari mmoja, nyingine ukurasa.

"Usimwambie," akasema binti yako.

"Mwanangu, kitabu hiki kina mashimo."

"Wasomaji hawajui kilichokuwamo. Baba mimi najua nini kinamshikilia. Umesahau alivyokuwa? Ukimwambia amemkata mama miezi tisa, mama mdogo, mimi nitamzika na yeye."

"Basi tuzirudishe kimya kimya."

"Kila neno limepita kwenye vidole vyake. Akifungua kitabu, la kwanza tu ambalo hakulichapa ataliona."

Ni kweli. Tukarudisha madaftari, tukafunga kabati, na Shemeji akaingia na vifungo vyake akiuliza mbona tumenyamaza kama wezi. Nikamwambia tunamsengenya. Akacheka. Sikuwahi kuchukia kicheko namna ile.

Jumanne niliingia kwenye chumba chake cha kushonea mara tatu nikatoka mara tatu. Mara ya kwanza nilisema nimekuja kuazima mkasi. Mara ya pili nilirudisha mkasi. Ya tatu akanitazama juu ya miwani.

"Shemeji, una nini leo?"

"Nakuangalia unavyozeeka."

Akatikisa kichwa, akaendelea kupiga pasi. Halafu, kama anayeongea na pasi, akasema, "Kitabu kikitoka, yale madaftari nitayachoma."

"Uyachome kwa nini?"

"Alishaamua kipi kibaki na kipi kitoke. Vilivyotoka ni vyake. Sitaki watu wavichungulie."

Mpaka hapo nilikuwa bado natafuta njia ya kunyamaza, Dada. Nisijifanye shujaa. Nilijiambia labda baada ya mwaka, labda toleo la pili. Sasa hakukuwa na toleo la pili. Kikichapwa hivyo Alhamisi, na madaftari yakaingia motoni Ijumaa, arobaini na moja zako zilikuwa zimekwenda, na mimi ndiye niliyejua.

Jumatano saa tatu asubuhi nikamwambia binti yako, "Naingia. Ukitaka kunichukia, nichukie jioni." Akanifuata mpaka mlangoni, akasimama hapo.

Mumeo alikuwa anakata suruali.

"Shemeji, weka mkasi chini."

"Nimefika kiunoni."

"Malizia kiuno, kisha weka mkasi chini."

Akamaliza, maana kitambaa ni cha mteja. Akaweka mkasi. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, bila mzaha hata mmoja, na hilo ndilo lililomtisha kwanza. Pasi ilikuwa inatoa mvuke peke yake.

"Unaniambia nimemkata mke wangu mara arobaini na moja."

"Nakuambia yeye alitaka zibaki."

"Umejuaje wewe? Umejifunza kuandika juzi, leo unanisomea mwandiko wa mke wangu?"

Nikatafuta la kumjibu, nikalikosa. Wanaonijua wanaelewa hiyo ni habari nzito kiasi gani.

"Baba," binti yako akasema kutoka mlangoni, "mama mdogo hadanganyi."

"Na wewe ulijua?"

"Tangu juzi."

"Tangu juzi mnanichekea humu ndani."

Nikatoa simu. Kwa haraka nikabonyeza jina la mtu wa gesi. Nikakata, nikampigia Mzee Wino, nikaweka spika.

"Mzee, nisaidie kitu. Ukiona Nukta ameandika acha pembeni mwa ukurasa, ulikuwa unafanyaje?"

"Naacha."

Mumeo akaniangalia.

"Unaacha vipi, Mzee? Unalitoa, au unalichapa?"

"Kidomo, umeamka vibaya? Ameandika acha, naliacha hapo hapo lilipo, nalichapa. Angetaka litoke angeandika la nini? Mstari unatosha. Miaka ishirini na miwili tumefanya hivyo. Kwani kuna nini, mbona hamsemi?"

Nikakata simu.

Shemeji akachomoa pasi kwenye umeme. Akaikunja ile waya vizuri, mizunguko mitatu, kama anavyofanya jioni. Akatupita mlangoni bila kutugusa, akaingia chumbani, na tukasikia kabati linafunguliwa. Binti yako akanishika kiganja akakibana mpaka vidole vikaniuma. Wote wawili tulikuwa tunasikiliza kama kibiriti kinawashwa.

Akarudi na daftari moja, la tano. Hakupekua. Aliliweka mezani likafunguka lenyewe mahali pamoja, kama mlango uliozoea kufunguliwa. Akaweka kidole pembeni.

"Na hapa?"

Ukurasa ule sikuwa nimeusoma. Ulikuwa umekatwa wote, mstari kwa mstari, na pembeni neno lako. Nikasoma kwa sauti:

"Mpangaji wa chumba cha nne alikuwa fundi cherehani. Alimpima mtu bila kumwambia kwamba amenenepa, na ukimletea nguo mbovu aliishika kama mgonjwa. Mwenye nyumba alikuwa na gauni moja zuri. Usiku huo alilifumua mwenyewe, mshono baada ya mshono, ili kesho apate sababu ya kubisha mlango ule."

"Na hapa?" mumeo akauliza tena.

"Hapo pia, Shemeji. Amesema ubaki."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, kile ambacho hajawahi kukikalia.

"Niliufikia mwezi wa nne," akasema. "Nikaona ameniweka, halafu ameniondoa. Nikasema, labda nilimkosea kitu."

"Na bado ukaendelea?" binti yako akauliza. "Miezi mitano, baba?"

"Kitabu kilikuwa chake."

Nilielewa alichotaka kukichoma, na nikaelewa kwamba nilikuwa nimekaa siku mbili nikimlinda dhidi ya habari aliyokuwa anaihitaji kuliko chakula.

Kisha akainuka akauliza leo ni Jumatano saa ngapi.

Walichapa siku nzima na alfajiri ya pili yake. Binti yako alisoma, baba yake akatafuta herufi, na walipofika sura ya sita tukajua hatimaye watu wale walikuwa wanacheka nini, nasi tukacheka. Mimi nilipewa kazi ya kukaa mlangoni na kuwaambia wateja suruali zao hazijawa tayari. Walisema inahitaji mtu mwenye mdomo. Sehemu arobaini alizirudisha kwa vidole vyake. Ya chumba cha nne akanisogezea kompyuta.

"Huu chapa wewe. Mimi nitaupunguza kiunoni."

Alhamisi saa tatu na dakika arobaini tuliingia kiwandani. Mzee Wino alitutukana kwa utaratibu, kuanzia mkubwa hadi mdogo, kwa sababu ya kurasa zilizosogea na kazi ya kupanga upya. Alipomaliza akavaa miwani, akasoma. Mashine iliwashwa Ijumaa mchana badala ya Alhamisi, na shule zikangoja. Hajawahi kumngojesha mtu kwa ajili yako ulipokuwa hai, Dada, na alinituma nikuombe radhi kwa hilo.

Kitabu kimetoka. Madaftari yako kabatini, yote saba, na ufunguo sasa unaning'inia nje.

Juzi mteja mmoja aliyekuwa akingoja koti lake alichukua nakala mezani kujipotezea muda. Akasoma, akageuza, akasoma tena, akamtazama mumeo kwa chati.

"Fundi, huyu wa chumba cha nne si wewe?"

Mumeo hakuinua kichwa kwenye mshono. "Ni mimi. Ameandika mke wangu."

"Na hilo gauni?"

"La bluu. Aliniletea limefumuka bega hadi pindo, ndivyo tulivyojuana." Hapo akaacha kushona. "Miaka thelathini nimemsema vibaya yule fundi aliyelishona kwanza. Kumbe maskini alikuwa ameshona vizuri."

Wanaokukumbuka ni mumeo, ambaye bado anakula na juzi ameongeza wali. Binti yako, aliyenisamehe jioni ile ile niliyompangia kunichukia. Wajukuu wako wawili, wanaojua kusoma mbao zote za mtaa na makosa yake. Mzee Wino na wa kiwandani. Kinyozi, anayekuulizia kila anapopaka rangi. Na mimi mdogo wako, Kidomo, niliyeshika kalamu kwa niaba ya wote.

Kukusahau hatujui, Dada, wala hatutajifunza.